Chuo Kilicho Karibu na Baba

6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu simu imenishinda.

Jana nilipokupigia nilikuwa nimesimama nje ya duka la Shangazi, bahasha mbili mkononi. Nikakwambia, "Baba, nimepata! Vyuo vyote viwili vimenikubali, na kimoja kiko huko huko kwako!" Ukanijibu, "Ndiyo, hata huku imenyesha sana." Nikarudia. Ukasema, "Haya, msalimie Shangazi," ukakata. Shangazi anasema ni mtandao. Mimi nilikusikia vizuri kabisa, hata ulipokohoa, kwa hiyo sijui huo mtandao mbovu ni wa upande gani.

Basi sasa soma. Nimepata nafasi ya Shahada ya Biashara, miaka mitatu. Cha kwanza ni Chuo Kikubwa, hapo mjini kwako. Nimeangalia kwenye ramani: kutoka chumbani kwako mpaka getini ni dakika ishirini kwa miguu. Cha pili ni kile wanachokiita Chuo cha Reli, kwa kuwa kimejengwa kwenye karakana za zamani za treni. Hicho kiko mbali na wewe na mbali na Shangazi pia, safari ya siku nzima kwa basi kutoka kila upande. Natakiwa kujibu kabla ya tarehe 31 Mei, na chuo nitakachokikataa hakitanisubiri.

Moyoni nimeshachagua. Nilikuwa na miaka saba Mama alipofariki, na nane ulipoondoka kwenda kutengeneza lifti za watu. Sasa nina kumi na tisa. Ukijumlisha siku zote ulizokuja likizo, hazifiki mwaka mmoja. Nataka nikitoka darasani nikukute. Nataka nijue chai yako unaipenda na sukari kiasi gani, maana kila ukija ukiulizwa unasema "yoyote tu", kama mgeni.

Nijibu haraka.

Mwanao,
Mama Maswali (au hilo jina umeshalisahau?)

15 Aprili

Mwanangu Mama Maswali,

Marahaba. Jina nilikupa mwenyewe, nitalisahauje? Ulikuwa na miaka minne, uliniuliza kwa nini ngazi hazichoki kukanyagwa, na mpaka leo sina jibu.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Hongera sana. Nimemwonyesha mwenzangu wa kazini, yule tunayemwita Nusu Inchi kwa sababu kila ukimpa kipimo anasema kimepungua nusu inchi. Amesema lifti zote za mji zisimame dakika moja kwa heshima yako.

Simu yangu imezeeka, isamehe. Tuandikiane tu. Kwenye meseji unanitumia maneno matatu na vikatuni kumi. Kwenye barua nakuona.

Sasa kuhusu chuo. Usije huku. Nenda Chuo cha Reli.

Usinune kwanza. Jengo la Biashara la Chuo Kikubwa nalijua kuliko wahadhiri wake. Lina ghorofa tisa na lifti mbili, na zote zimepita mikononi mwangu. Fundi akiwa juu ya paa la lifti, walio ndani humsahau. Miaka ile nilisikia mengi humo. Nilimsikia mhadhiri akimwambia mwenzake kwamba ana wanafunzi mia nne na hamjui hata mmoja kwa sura. Nikawasikia wasichana wawili wakisema wamemaliza mwaka wa pili bila kukanyaga kampuni yoyote. Wewe si mtu wa kukaa safu ya thelathini ukinakili tu. Wewe ni mtu wa kunyoosha mkono.

Usinisikilize mimi peke yangu. Waulize waliomaliza juzi juzi wako wapi sasa. Uliza darasa lina watu wangapi, na mwanafunzi anapelekwa kazini kujifunza mwaka wa ngapi. Mwalimu wa takwimu akiulizwa swali, anajibu au anaangalia saa? Ukishapata majibu, utaona mwenyewe.

Na chumba changu ni kidogo, kiti kimoja, hakuna hata pa kuweka begi lako. Kazi yangu nayo ni ya kupanda na kushuka kutwa, usingenikuta.

Baba yako

24 Aprili

Baba, shikamoo.

Nimefanya ulivyoagiza. Unajua duka la Shangazi lilivyo, hakuna mwenye cheti mtaa huu asiyekuja kutoa nakala. Mashine ikizunguka, mimi nahoji. Watu wameanza kuniogopa.

Dada mmoja aliyemaliza Chuo cha Reli mwaka juzi aliniambia darasa lao lilikuwa na watu arobaini na watano. Mwaka wa tatu aliwekwa nusu mwaka kwenye ghala la viatu, akipanga lori gani lipakie nini na liende wapi. Wiki ya kwanza alipeleka viatu vya mguu wa kushoto peke yake kwenye duka zima. Walicheka, wakamfundisha, na leo yeye ndiye msimamizi hapo hapo. Kaka mmoja wa Chuo Kikubwa yeye alisema jina la chuo linamfungulia milango hata kabla hajabisha, ila takwimu alisomeshwa kwenye skrini ya ukumbi wa pili kwa sababu wa kwanza ulijaa.

Kwa hiyo kuhusu masomo una haki. Nimekubali, na imeniuma kukubali.

Lakini, Baba, maswali yako yote nimeyajibu. Langu ni moja tu na umelipita kama hukuliona. Unanitaka huko, au hunitaki? Usiniambie habari za kiti. Naweza kukaa kitandani.

Tarehe 9 Mei Chuo Kikubwa kinapokea wageni wanaotaka kukiona. Nakuja. Nitafika Ijumaa tarehe 8 mchana. Njoo stendi, tafadhali.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Usije. Wiki hiyo tumepewa kazi nje ya mji, jengo refu, sitakuwepo. Chuo unaweza kukiona kwenye picha. Nitakuja mimi mwisho wa mwaka, Mungu akipenda.

Si kwamba sikutaki. Usifikiri hivyo.

Baba yako

4 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila nina hasira, na barua hii naiandika kabla hazijaisha.

Mtoto analia chooni akidhani simsikii. Kila Jumapili akikupigia anauliza hili, wewe unajibu lile, kisha unakimbia. Mara ya mwisho alikwambia ana homa, ukamjibu "vizuri sana". Baba gani huyo? Mimi nimemlea kwa moyo mmoja na sijawahi kukulaumu. Mtu anakwenda kazi inakopatikana, naelewa. Lakini sasa mwenyewe anakufuata hadi mlangoni, nawe unamwandikia kuhusu lifti!

Kama umeoa, sema. Kama una watoto wengine huko, sema, tutawapenda, tutafanyaje? Ila usimfiche huyu kana kwamba yeye ndiye aibu.

Tiketi ameshakata. Mimi simzuii.

Dada yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama. Hakuna mke.

Ijumaa stendi sikumkuta mtu. Nikaenda moja kwa moja kwenye kampuni yao, nikamuulizia Baba getini. Mlinzi akasema, "Yuko stoo ya vipuri." Nikamwambia hapana, baba yangu ni fundi, anafanya kazi juu, na wiki hii yuko nje ya mji. Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo sikuipenda. Akamwita mwanamume mmoja mfupi, mwenye futi ya chuma mfukoni, nikajua huyu ndiye Nusu Inchi.

Aliniambia tukiwa tunatembea, bila kuzunguka. Kusikia kwa Baba kulianza kupungua miaka mitatu iliyopita, kwa kelele za mota alizokaa nazo muda wote huo. Alificha. Mwaka jana mwezi wa kumi walikuwa ndani ya shimo la lifti, Baba chini, Nusu Inchi mlangoni. Lifti ikaanza kushuka. Akapiga kelele "Toka!" mara mbili, Baba akaendelea kufunga nati. Ikabidi aruke, amvute kwa mkanda wa suruali. Lifti ilitua pale pale alipokuwa amechuchumaa. Kesho yake wakamhamishia stoo. "Ametukataza kumwambia mtu yeyote wa kwao," akasema. "Mimi nimekataa kukatazwa."

Nilimkuta amenipa mgongo, anaandika lebo za makopo ya skrubu. Nikaita, "Baba." Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa sauti ambayo wewe ungenigombeza. Hakugeuka. Nikazunguka meza, nikasimama mbele yake.

Shangazi, uso wake! Kwanza ulifurahi. Halafu ndipo akakumbuka kwamba alikuwa anaficha kitu.

"Basi liliwahi?" akaniuliza.

"Kwa nini hukusema?" Hakunipata. Nikachukua kalamu yake, nikaandika kwenye lebo: KWA NINI HUKUSEMA? Akaisoma, akaibandika mezani, akailainisha kwa kidole gumba kana kwamba ni sehemu ya kazi.

"Ningesema, ungekuja," akasema.

"Si nimekuja!" Hilo alilisoma mdomoni.

"Ungekuja kunitunza. Sikukulea, mwanangu. Dada yangu ndiye aliyekulea. Sasa nikukose miaka yote hii, halafu nikuite uje uwe masikio yangu?"

Nililia mbele ya makopo yote yale. Yeye pia.

Chumbani kwake ametundika taa nyekundu juu ya mlango, ameiunganisha na kengele, mtu akibonyeza nje inawaka ndani. Kuna viti viwili. Cha pili ni kipya, bado kina nailoni. Nusu Inchi anasema alikinunua wiki ile ile barua yangu ya kwanza ilipofika. Na chai anakunywa na vijiko vitatu vya sukari, Shangazi, vitatu! Ndiyo maana anasema "yoyote", anaona aibu kuomba vyote hivyo.

Jumamosi tulikwenda wote kukiona Chuo Kikubwa. Ni kizuri, sitasema uongo. Maktaba yake ina madirisha mpaka darini. Kwenye lifti ya Jengo la Biashara Baba aliweka kiganja ukutani, akafumba macho, akasema, "Beringi ya juu inakwisha." Alimwandikia msimamizi kikaratasi. Msimamizi akakiweka mfukoni bila kukisoma. Nilitaka kumrukia.

Ile homa na ile "vizuri sana" amenieleza. Alikuwa anakisia. Alikuwa anasikiliza sauti inapanda au inashuka, kisha anachagua jibu. Amekuwa akifanya mtihani kila Jumapili.

Kesho nampeleka kwa daktari wa masikio. Tumegombana saa nzima, kwa maandishi, lakini amekubali. Jumatano narudi. Kuhusu chuo usiniulize bado.

Wako

19 Mei

Mwanangu,

Ni Jumanne, siku ya sita tangu uondoke. Nimeanza kusema kweli, basi acha niimalize.

Njoo. Chagua Chuo Kikubwa.

Nilikuandikia kwa ujanja wote nilionao ili usije, na ujanja wenyewe ulikuwa wa kweli, ndiyo maana ulikuingia. Darasa ni kubwa, ndiyo. Lakini una akili, utasoma popote. Siku zile tano nilikuwa nikitoka stoo natembea haraka kama kijana. Jirani aliniuliza nimepata nini.

Asubuhi ya mwisho ulikuwa unaosha vikombe, umenipa mgongo. Nikaona mabega yako yanacheza, nikajua unaimba. Sikujua unaimba nini. Nilikaa kwenye kiti changu nikakutazama mpaka ulipomaliza, nikaona aibu kukuuliza. Mama yako naye alikuwa anaimba akiosha vyombo.

Daktari amesema vifaa vya masikio vitanisaidia, ila vinaagizwa, vitafika Septemba. Nawe ungefika Septemba. Utakaa hapa, utakwenda kwa miguu, jioni utakuja kunieleza ulichofundishwa na mimi nitajifanya naelewa.

Njoo, mama.

Baba

20 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa wiki nzima na hii barua kichwani. Leo asubuhi nimepeleka posta fomu ya kukubali nafasi. Nimechagua Chuo cha Reli.

Siku ile ukumbini Chuo Kikubwa, waliposema tuulize maswali, ulikuwa pembeni yangu lakini sijui kama uliona. Nilinyoosha mkono. Nilitaka kuuliza kuhusu kupelekwa kazini mwaka wa tatu. Yule mzungumzaji aliangalia safu tano za mbele, akasema, "Kama hakuna swali, tuendelee." Nilibaki na mkono juu. Nikajiona nimekaa hivyo miaka mitatu.

Na kuna jingine, ambalo sijamwambia Shangazi. Nilipokuwa naandika sababu za kuchagua Chuo Kikubwa, kila nilichoandika kilikuwa wewe. Kiti chako, chai yako, njia ya kutoka getini mpaka kwako. Hapakuwa na neno hata moja la biashara. Ningekaa darasani nikiangalia saa, nikifikiri umefikaje nyumbani, nani amekupigia honi barabarani. Ungejua, na ungeumia, na ungeanza tena kunificha vitu.

Nataka nisome kweli. Nataka siku moja nisimamie ghala au kampuni, watu wanijue kwa kazi. Lakini usidhani nimechagua kwa furaha. Tangu asubuhi Shangazi ananipa karatasi za kunakili, na mimi nazinakili kichwa chini miguu juu.

Niambie kwamba hujakasirika.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu sasa utakuwa umeipata. Ichane.

Usibadilishe kitu. Nakujua, utakuwa umekaa na kalamu. Weka chini. Uliyoyaandika nimeyasoma mara nyingi mpaka Nusu Inchi akaninyang'anya karatasi, akaisoma yeye, akasema, "Huyu hajapungua hata kidogo." Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu kitu chochote duniani.

Sikukasirika. Nilihuzunika, hayo ni mambo mawili. Mkono wako niliuona. Niliona pia yule bwana hakuuona, nikataka kusimama nimwambie, ila nikahofia kwamba labda alishasema kitu na mimi ndiye sikusikia. Hiyo ndiyo hali yangu ya siku hizi, nanyamaza nisije nikakosea. Kwa hilo nisamehe.

Nenda Chuo cha Reli. Safari hii sina ninachoficha nyuma ya maneno hayo. Nakutaka hapa, na nenda.

Baba yako

3 Juni

Baba,

Shikamoo. Umechelewa na hukuchelewa.

Barua yako ya "njoo" ilifika tarehe 26. Kesho yake niliandika barua ya kukataa Chuo cha Reli na nyingine ya kuomba Chuo Kikubwa. Nikampa Shangazi azichape. Akazisoma zote mbili polepole, akaniambia, "Mashine imeharibika." Mashine ilikuwa inatoa nakala pale pale, Baba, inalia kama ng'ombe, mteja amesimama anasubiri. "Imeharibika kwa barua hizi," akasema.

Mtaa wetu una maduka matatu ya kuchapa. Lile la kona liko hatua thelathini. Nilikuwa na siku nne. Kila siku nilizitia zile karatasi kwenye mkoba, nikapita mbele ya duka la kona, nikarudi nazo. Tarehe 31 ikapita. Barua yako ya pili imefika jana.

Kwa hiyo si wewe uliyenizuia, wala si Shangazi. Miguu yangu mwenyewe ilikataa, na sasa nimeamini nilichokichagua. Lakini ile karatasi yako sijaichana, na usiniagize tena niichane. Nimesubiri neno hilo miaka kumi na moja. Nimelikunja, nalala nalo.

Ulikuwa wimbo wa matangazo ya sabuni, Baba. Ndio niliokuwa naimba. Samahani kama ulitegemea kitu kikubwa.

Omba ruhusa mwezi wa tisa, unipeleke chuoni. Sitaki kwenda na mtu mwingine.

Mwanao,
Mama Maswali

14 Septemba

Mwanangu,

Nimefika jana salama, miguu imevimba kwa basi, vinginevyo mzima.

Bado naiona siku ile ya kuandikishwa. Karani alikuwa anaongea huku ameinamia kompyuta, mimi nikawa nimeanza kutabasamu na kuitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Ukamwambia mbele ya foleni yote, "Baba yangu hasikii vizuri. Mwangalie ukiongea naye." Nilidhani nitazama ardhini. Karani akainua uso, akasema, "Samahani, mzee. Nimeuliza, wewe ndiye mzazi?" Nikajibu, "Ndiyo, ni mimi." Sikumbuki mara ya mwisho niliposema hivyo mbele ya mtu.

Darasa lenu nalipenda. Yule mwalimu wa takwimu alikuuliza jina akaliandika. Kitanda chako kaza ile skrubu ya upande wa miguu, niliigusa, inacheza.

Vifaa vya masikio nimevalishwa leo asubuhi. Ni vidogo kama mbegu za maboga. Nilipotoka kwa daktari nikasimama barabarani kama mtu aliyepotea, gari zote zinapita ndani ya kichwa changu. Nusu Inchi alinipokea kazini kwa hotuba ndefu. Kumbe ana sauti nyembamba kuliko nilivyokuwa naikumbuka. Nimeshindwa kumwambia.

Jioni hii nimerudi chumbani, nikafunga mlango, nikakaa. Bomba linadondosha, sijui tangu lini. Jirani anacheka peke yake nyuma ya ukuta, labda ana redio. Saa inagonga kwa nguvu mpaka nikataka kuitoa betri. Kalamu nayo, sikujua kwamba ninapokuandikia inakwaruza hivi. Nimesikiliza kila kitu kimoja kimoja, chumba kizima, mpaka nikamaliza. Vyote vipo. Ni wewe tu unayekosekana.

Likizo yenu inaanza tarehe 18 Desemba. Leo nimemwendea bosi kuomba ruhusa ya wiki hiyo. Akasema ni mapema mno, nirudi baada ya miezi miwili. Nikajifanya sijasikia. Nikasimama pale pale mpaka akaandika.

Baba yako